Vidonge vya Bibi Mjerumani

Mke wangu Mbithe alikuwa na miaka thelathini na minne alipoona uvimbe kwenye titi la kushoto. Ndiyo kwanza alikuwa amemwachisha mtoto wetu Mumbe ziwa. Ulikuwa mwaka wa ile mvua ya El Nino, barabara imekatika, tukaenda zahanati kwa miguu, matope magotini. Tabibu hata hakuinuka kitini.

"Ni maziwa yameganda hayo, mama. Kanda na maji ya moto. Saratani ni ya nyanya zako, wewe bado mdogo."

Tukarudi tukakanda. Miezi miwili baadaye uvimbe ulikuwa kama yai la kanga, ngozi imejikunja.

Hospitali kubwa, ng'ambo ya feri, walimkata kipande kidogo, wakasema kitapelekwa Nairobi ijulikane ni saratani ya aina gani, maana kila aina ina dawa yake. Kuliondoa titi lenyewe kungoje majibu. Wiki tatu.

"Na hizo wiki tatu anakunywa nini?" nikauliza.

Daktari akaandika vidonge. Mbithe alipoiona chupa akafurahi, maana aliijua. Alikuwa akimfulia bibi mmoja wa Kijerumani kule Diani, mtu wa miaka sitini na kitu. Bibi huyo alipata ugonjwa huohuo, akakatwa, akanywa vidonge hivyohivyo miaka minne, na kila asubuhi anaogelea. Aliposikia habari ya Mbithe akamletea na vyake vya akiba.

"Pona upesi," akamwambia. "Nani mwingine ataweza mashuka yangu?"

Basi mke wangu akavinywa kwa saa, hakuruka hata siku moja. Mimi nikawa mtu wa feri, nafuata karatasi ya Nairobi. Dirishani alikaa karani Jaafar, kijana wa maneno mengi.

"Mzee Karatasi, shikamoo!"

"Marahaba. Imefika?"

"Haijafika bado. Korosho zangu je, zimefika?"

Wiki ya nne haijafika. Wiki ya saba daktari yuko semina. Wiki ya kumi mashine ya Nairobi ni mbovu. Nyumbani uvimbe ulipasuka, Mbithe akaanza kukohoa. Bado alisema vidonge vinachelewa tu kushika, hata Bibi alivumilia.

Wiki ya kumi na sita Jaafar hakunitania.

"Ingia kwa daktari, mzee."

Karatasi ilikuwa na mhuri wa wiki tano nyuma. Wiki tano imelala kwenye droo ya mtu! Daktari akaisoma. Akasema ya mke wangu ni aina kali, na vile vidonge haivisikii kabisa. Vile ni vya saratani inayolishwa na homoni, na yake hailishwi nazo. Ilitaka dawa ya kutundikwa mshipani, mapema. Sasa kwa dalili zake imekwisha kuingia mapafuni.

"Mbona ya Mjerumani ilisikia?"

"Wazungu wengi hupata ile ya polepole, tena uzeeni. Hii kali huwapata zaidi wanawake weusi, wakiwa bado vijana. Si wote, lakini zaidi. Kwa nini, bado haijulikani vizuri."

"Na hilo mmelijua leo?"

"Limo vitabuni, mzee."

"Kama limo vitabuni, mbona kule zahanati mwanamke mweusi mnamwambia yeye ni mdogo? Mbona mnampa dawa ya bibi wa Ulaya, halafu mnakwenda semina?"

Akatazama saa yake. Akasema serikali haina vifaa. Serikali ni nani, kama si yeye aliyekalia kile kiti?

Kwenye feri nilitunga uongo wa kumwambia Mbithe. Nilipoingia alinitazama mara moja tu.

"Baba Mumbe, toa. Wamesema nini?"

Uongo ukanishinda. Nikamwambia yote.

"Kwa hiyo miezi yote hii nilikuwa natafuna chokaa."

"Wamekuua, Mama Mumbe."

"Wewe na mdomo wako. Si niko hapa?" Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikamshika mgongo mpaka kikatulia. "Bibi usimwambie. Atalia bure, na kosa si lake."

Alikufa siku ya kumi na moja baada ya hapo. Tulimzika shambani kwetu, upande wa mikorosho. Bibi alikuja kwa teksi, viatu vikajaa udongo.

"Alivinywa vyote?" akaniuliza.

"Vyote."

"Na havikumsaidia hata kidogo?"

"Vilimsaidia kulala," nikasema.

Zahanati ni mwendo wa nusu saa kutoka kwangu. Yule tabibu nilimpelekea habari ya maziko, siku na saa. Hakuja.