Selotepu Juu ya Kengele

Mkono wa mashine ulishuka, na mpakiaji aliyekuwa chini yake akaachama. Ukelele wake haukufika. Picha ndiyo iliyofika kwenye kioo cha kompyuta, nayo kama kawaida ilichelewa sekunde nzima. Mama Pacha aliachia vishikio upesi, lakini maji yalishamwagika. Kule ghalani, nchi nyingine kabisa, yule mtu alikuwa amekaa sakafuni ameshika vidole vyake.

Mwaka jana Mama Pacha alikuwa akiendesha kwa mbali mashine moja. Sasa alikuwa na tatu, kwa macho yale yale mawili, na tangu asubuhi yalikuwa yakimwasha.

Msimamizi alikuja na fomu. Hakuuliza majeruhi anaendeleaje. Aliinama akapiga picha kengele ya hatari iliyo chini ya kioo, ile ya kuonya mtu akisogea karibu na mashine. Ilikuwa imezibwa kwa selotepu.

"Umeziba kengele, mama."

"Sote tumeziba, bosi. Inalia hata kivuli kikipita."

"Nakuuliza wewe."

"Si ulituletea mwenyewe hiyo selotepu? Ulisema tukisimama kila ikilia, mzigo hautatoka."

Kwenye meza ya jirani, Shangazi, aliyemfundisha kazi hii, alikodolea kioo chake macho kama vile hakusikia. Kila mtu na kibarua chake, Mama Pacha aliwaza, lakini ilimuuma, tena sana.

"Kuna visanduku viwili," msimamizi alisema. "Uzembe au makusudi. Ukichagua uzembe, unapumzika mwezi mmoja, unarudi. Makusudi, hakuna kampuni itakayokugusa tena."

"Na picha kuchelewa? Nimeshasema mara ngapi?"

"Hiyo haimo kwenye fomu."

Mama Pacha alikuwa amechoka hata kugombana. Akatia alama penye uzembe.

"Na yule baba wa watu, vidole vyake?"

"Saini hapo chini."

Alipokuwa akitafuta kandambili zake chini ya meza, mwanamke mmoja kutoka benchi la wanaosubiri kazi alishakalia kiti chake. Msimamizi alibandua selotepu, akaitia kwenye bahasha pamoja na fomu. Papo hapo kengele ikaanza kulia, ikanyamaza, ikalia tena.

"Mh! Hii italia hivi siku nzima?" mgeni aliuliza.

Msimamizi akatoa selotepu mfukoni, akakata kipande kwa meno, akampa.