Saa Nzuri za Tamie

Saa kumi na nusu alfajiri, jua likiwa bado nyuma ya mlima, Tamie alikuwa mtu kamili. Mumewe, Mzee Shigenobu, alilijua hilo vizuri, na ndiyo maana miezi ya joto alikuwa akiamka mapema kuliko hata enzi zile alipokuwa akilima mpunga. Hakutaka kupoteza dakika.

Asubuhi ile ya Agosti alisukuma mbao za madirisha, ubaridi ukaingia na harufu ya mashamba. Tamie alikunja magodoro membamba ya kulalia sakafuni akayatia kabatini, akajifunga kitambaa kichwani, akaenda jikoni kwenye mtungi wake wa pumba za mchele zenye chumvi, alimozika mboga ziwe achari. Kwa miaka hamsini na miwili ya ndoa, kila alfajiri alitia mkono mle ndani akazigeuza juu chini, kwa sababu wakati wa joto zikiachwa siku moja tu zinaharibika. Alichomoa biringanya mbili na tango alivyovizika jana, akanusa, akaridhika.

"Chumvi imekaa sawa," alisema. "Usije ukaugusa mtungi wangu, Baba Chizuru. Mkono wako unachachusha."

"Mkono huu ndio uliokulisha miaka yote."

"Ulinilisha wali. Achari nimejilisha mwenyewe."

Walitoka bustanini umande haujakauka. Shigenobu alipalilia, Tamie akafunga nyanya kwa uzi na kuchuma matango, akimcheka mumewe kwa kulikanyaga moja. Saa kumi na mbili na nusu redio ilipiga muziki wa mazoezi, wakasimama uani, wakanyoosha mikono na kuinama kama walivyofanya tangu shule ya msingi. Kufikia saa moja nguo zilikuwa kambani, supu imeshanywewa, na nusu ya mtaa ilikuwa haijanawa uso. Shigenobu alikaa kibarazani na kikombe cha chai ya shayiri akajiona tajiri. Kisha akamkumbuka mgeni wa saa mbili na nusu, na raha yote ikamtoka.

Mgeni alikuwa ofisa wa manispaa, anayepita majumbani kupima ni kiasi gani mtu mzima anahitaji kutunzwa. Daktari alitaka kumpasua Shigenobu moyo mwezi wa Oktoba, alazwe wiki tatu. Makao ya wazee ng'ambo ya mto yalikuwa tayari kumpokea Tamie, ila hayachukui mtu aliye chini ya daraja la tatu, na Tamie alikuwa na daraja la kwanza, la wanaohitaji msaada kidogo tu, alilopewa miaka miwili nyuma, alipokuwa akisahau miwani tu. Binti yao wa pekee, Chizuru, alikuwa Nagoya akimuuguza mama mkwe asiyeinuka kitandani. Bila daraja la tatu, Shigenobu asingeweza kulazwa. Na asipopasuliwa, daktari hakumficha kitu.

Juzi yake Chizuru alikuwa amepiga simu.

"Baba, umewaambia waje saa ngapi?"

"Saa mbili na nusu asubuhi."

"Asubuhi? Si nilikwambia alasiri? Wazee wote mnafanya kosa hilo hilo. Akija mtu wa serikali mnavaa vizuri, mnakaa wima, mnajibu kama watoto kwenye mtihani. Halafu mnaandikiwa kwamba hamna shida."

"Alasiri kuna joto. Mgeni atateseka."

"Mwache ateseke. Basi mpe lile daftari. Niahidi, Baba."

Aliahidi. Daftari lilikuwa kwenye droo ya meza, kurasa kumi na nne kwa mwandiko wake mwenyewe: siku Tamie alipokutwa peku kwenye reli akitafuta nyumba ya mama yake aliyekufa zamani, siku alipofungua gesi akaenda kulala, siku alipompiga mumewe kwa ufagio akidhani ni mwizi. Yote hayo yalitokea jua likiwa limeshapanda. Ile habari ya joto la mgeni ilikuwa uongo, na Shigenobu mwenyewe alijua. Alitaka mtu mwingine, angalau mara moja, amwone mke wake alivyo hasa.

Ofisa alikuwa mwanamke wa makamo, Bi Onodera, mpole, mwenye karatasi nyingi. Tamie alimpokea kwa kuinama hadi sakafuni. Alikuwa amevaa blauzi ya kitani na kupaka podari kidogo.

"Mama, unaweza kuniambia jina lako na tarehe ya kuzaliwa?"

Akaambiwa, na siku ya wiki juu yake.

"Na sasa ni majira gani ya mwaka?"

"Nyenze wote hawa wanapiga kelele, wewe unaniuliza majira? Kunywa chai, dada, joto limekupanda kichwani."

Bi Onodera alicheka. Shigenobu naye alicheka, akasahau kabisa kwamba kila jibu zuri lilikuwa linamkatia yeye siku za kuishi. Tamie alileta achari kwenye kisahani, zimekatwa sawasawa kama kwa rula, akasimulia jinsi mumewe alivyokanyaga tango. Kalamu ilikuwa ikienda.

"Mzee, huwa anatoka akapotea?"

Shigenobu alimtazama mke wake. Tamie naye alikuwa akimtazama, mikono juu ya magoti, akingoja kusikia atasemwaje mbele ya mgeni.

"Anapenda kutembea," alisema. "Hutembea, akarudi."

"Jikoni je? Moto?"

"Jikoni ni kwake. Mimi hata mtungi sigusi."

Walipofika mlangoni, viatu vya Bi Onodera vilikuwa vimeshageuzwa kuelekea nje ili avivae bila taabu. Tamie ndiye aliyevigeuza, bila kuambiwa. Ofisa aliliandika hilo pia. Halafu akamsogeza Shigenobu pembeni, akapunguza sauti.

"Mzee wangu, mara nyingi kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyasema mbele ya mwenzake. Nasikiliza."

Daftari lilikuwa hatua nne tu nyuma yake. Tamie alikuwa amesimama ukumbini, akijiweka sawa nywele, akitabasamu kidogo.

"Hakuna," Shigenobu alisema. "Ni kama ulivyoona."

Saa sita mchana Tamie aliweka vijiti vyake vya kulia mezani akauliza kwa adabu huyu mzee ni nani, na kwa nini anakula kwao. Saa tisa alikuwa amejifungia chooni akilia na kumwita mama yake. Shigenobu alikaa sakafuni nje ya mlango, kiganja kifuani mahali palipokuwa pakiuma, akimwimbia chochote kilichomjia mpaka sauti ikamkauka.

Barua ya manispaa ilifika mwezi wa Septemba. Daraja la kwanza, kama zamani, na pongezi kwa familia kwa utunzaji mwema. Alimsomea Chizuru kwenye simu. Binti alipozungumza alikuwa amekasirika kwa namna ya mtu anayeogopa.

"Daftari hukulitoa."

"Sikulitoa."

"Kwa nini, Baba?"

"Mama yako alikuwa pale. Angesikia."

"Angesikia, halafu? Kabla ya chakula cha mchana angekuwa ameshasahau kila kitu."

"Najua," Shigenobu alisema. "Lakini mimi nisingesahau alivyoniangalia."

Chizuru alianza kulia. Shigenobu alimwacha alie. Kisha akamwomba radhi, akasema lazima alale, kesho wanaamka mapema.