Nyanjige na Ng'ombe Kumi na Wawili

Saa kumi jioni, pamba ya shamba la shule ikiwa imeshachumwa, Mwalimu Maximiliana aliwapanga wasichana wa darasa la saba kwenye mstari wa majivu wa kuanzia mbio. Ulikuwa mwaka ule malori ya watu binafsi yalipoanza kuingia vijijini Bariadi kununua pamba. Nyanjige alivaa raba za mitumba zilizomzidi, kashindilia pamba kwenye vidole.

Filimbi ikalia. Nyanjige akatoka, na ng'ombe kumi na wawili wakatoka zizini kwa baba yake, Masunga, wakamfuata. Hao ni mahari aliyoleta Mhoja wa kijiji cha Migato kwa ajili ya mwanawe; arusi ilipangwa iwe Jumamosi baada ya mtihani wa mwisho. Zizi lilizibwa kwa miiba, nao wakapita katikati ya miiba bila kuchubuka. Ikawa hivyo kila jioni. Wachungaji wakazoea, wakawa wanaitumia saa hiyo kupumzika.

Shida ni kwamba Nyanjige akisikia kwato aligeuka, na akigeuka alisimama.

"Mimi mbio siziwezi, mwalimu. Tena ni mke wa watu tayari."

"Nani kasema?"

"Si hao hapo nyuma."

Mwalimu, mama wa rozari kila alfajiri, akawatazama. Walikuwa wanahema, ndimi nje.

"Ng'wana Masunga, wiki tatu wanakufukuza. Yupi amekupita?"

Nyanjige akafikiri. "Hakuna."

"Hata lile dume?"

"Hilo ndilo la mwisho kabisa."

"Basi wewe angalia mbele. Wao watajijua."

Kwenye mashindano ya wilaya, msichana wa kwanza mita mia nane angepewa nafasi sekondari ya bweni. Nyanjige alisikia kwato tangu mzunguko wa kwanza. Shingo ilitaka kugeuka, akaikatalia. Akafika wa kwanza. Wa pili hadi wa kumi na tatu walikuwa ng'ombe, na karani wa matokeo akawaandika kwa rangi zao.

Mhoja alikuwepo. Alifurahi, akaongeza wawili.

"Binti wa mbio hivi," alisema, "hata maji hatayachelewesha."

Mwalimu Maximiliana alikwenda kwa Masunga, akakaa kwenye kigoda mpaka chai ikapoa.

"Mruhusu akasome, baba."

"Mwalimu, nakuheshimu. Lakini ng'ombe wameshakula majani yangu."

Nafasi ya bweni akapewa msichana aliyefika wa kumi na nne.

Mtihani ulipokwisha, arusi ikabaki Jumamosi ileile. Ijumaa jioni mwalimu alipuliza filimbi kama kawaida. Nyanjige akakimbia mizunguko miwili bila kugeuka, ng'ombe kumi na wanne nyuma yake, wale wawili wapya wakihangaika sana, maana hakuna aliyekuwa amewaambia kasi yake.