Unga Mweupe kwenye Machela

Bakari alipoikung'uta machela ili wambebe mgonjwa, kitu cheupe kilimwagika kutoka kwenye mikunjo ya turubai kikamwangukia miguuni. Alichutama, akakigusa kwa ncha ya kidole, akanusa. Kisha akawatazama wenzake mmoja mmoja, kama mtu anayechagua kuku wa kuchinja.

"Unga," alisema. "Mweupe."

Mwaka ule Mahurunga nzima ilikuwa inakula yanga, ule unga wa manjano wa msaada ulioshushwa bandarini Mtwara ukaletwa na malori ya serikali. Mvua zilikuwa zimewasusa, na mashamba mapya ya kijiji yalikuwa bado hayajawazoea waliohamishiwa hapo. Unga mweupe watu waliuona ndotoni tu. Sasa ulikuwa hapa, kwenye machela ya kikundi, na hakuna aliyekuwa na sura ya kushiba.

Mgonjwa alibebwa kama kawaida hadi zahanati. Ila siku hiyo hawakuimba njiani.

Kikundi chao kiliitwa Mabega. Alikianzisha Danieli, katibu wa kijiji, kijana wa Singida aliyekuja na Operesheni Vijiji na kubaki. Kazi yao ilikuwa kubeba wagonjwa na wazazi hadi zahanati, au hadi barabarani kungojea lori la mjini. Jumamosi walizibua kisima na kuezeka nyumba za wajane, kisha wakala pamoja kwenye sinia moja. Sinia hilo halikuwa jambo dogo. Mwaka uliotangulia watu hawa walikuwa wakiishi mbalimbali, kila ukoo kwenye mikorosho yake na makaburi yake. Malori yakawakusanya, yakawamwaga mahali pamoja, wakaambiwa kuanzia leo ni ndugu. Kula sinia moja ndiko kulikoanza kuwafanya waamini hivyo. Hata kibanda cha machela hakikuwa na mlango, kwa kuwa Danieli alisema ndugu hawafungiani.

Alasiri ya siku ile unga ulipoonekana, Danieli alileta kufuli.

Aliwaeleza kwa sauti ya chini, na hilo likawatisha zaidi kuliko kama angefoka. Alisema mgonjwa habebwi na unga. Machela iliyochukuliwa bila ruhusa na kurudishwa kimya kimya, ikiwa na unga usiopatikana dukani, imebeba magunia. Ama kuna mtu ana ghala lake porini huku wenzake wakilala njaa, ama kuna mtu anawalisha askari wa Wareno ng'ambo ya mto wa mpakani. Akawakumbusha kwamba kurudi mahame, kule walikohamishwa, ni marufuku, na kwamba atakayeonekana huko atapelekwa wilayani kujieleza. Machela akaifungia kwenye stoo ya ofisi, ufunguo akauvaa shingoni kwa uzi. Mwenye mgonjwa amwite yeye.

Bakari ndiye aliyeunga mkono kwa nguvu kuliko wote. Alikuwa fundi wa kuezeka, mwenye sauti ya kusikika kutoka paa hadi paa, na siku ile alisema mlaji huyo akipatikana alishwe huo unga mkavu, bila maji, mpaka aombe radhi kwa pua.

Rehema, binti aliyekuwa mtunza vyombo wa kikundi, alicheka pamoja na wengine. Lakini alipofika nyumbani alianza kuhesabu nyuso. Alikumbuka kwamba Helena, mkunga wa kikundi, alikuwa akitwanga adhuhuri moja wakati watu wote wako shamba. Yanga huja imeshasagwa. Alikuwa akitwanga nini?

Jumamosi iliyofuata sinia liliwekwa, lakini watu walikula huku wakitazamana vidole. Helena alikuja na bakuli lake, akasema tumbo lake halijatulia, akala pembeni. Alipoondoka, mtu mmoja akasema tumbo la Helena limezoea vyeupe siku hizi.

Rehema aliishi na bibi yake, Bi Somoe, ambaye miguu ilikuwa imemvimba kiasi cha kutoweza kufika hata mlango wa uani. Jioni ile alimsimulia kisa chote, akamwonyesha hata doa la unga lililobaki kwenye pindo la kanga yake, kwa maana yeye ndiye aliyefagia. Bibi akaishika kanga, akaisogeza puani. Rehema alingoja alaani. Bibi akacheka mpaka akakohoa.

"Mke mwenzangu," alisema, "nani kanitangulia?"

Ndipo Rehema alipoelewa unga ule ulikuwa wa nini. Tangu masika yale bibi alikuwa akimwomba jambo moja tu. Siku ya lori, mgambo walimnyanyua na kinu chake mapajani, wakamweka juu ya magodoro, na lori likaondoka. Hakupata nafasi ya kuaga. Mumewe, mama yake, na watoto wake wawili wamelala kule mahame, karibu na msolo, mti ambao koo zote za kule hutambikia chini yake. Huondoki mahali pa wazee kimya kimya. Unawamwagia unga wa mtama, unawaambia unakwenda wapi na kwa nini. Bi Somoe hakuwa anaogopa kufa. Alichoogopa ni kufika kule wamgeuzie mgongo, wamwone mtoro aliyewakimbia. Mtama alikuwa nao, mbegu kidogo ndani ya kibuyu kilichoning'inia juu ya moshi wa jikoni, na katika njaa yote ile hakukubali ipikwe. Kilichokosekana kilikuwa mabega. Rehema alikuwa akivizia siku ya kuomba machela. Sasa machela imefungiwa, na pumzi ya bibi ilikuwa ikizidi kuwa fupi.

Kwa hiyo kulikuwa na mtu ndani ya kikundi aliyekwenda kutambika. Mtu huyo angemsaidia. Lakini nani? Rehema alianza kuwachunguza upya, mara hii si kwa chuki bali kwa haja, na akagundua kwamba mtu anayeficha jambo jema hufunga uso sawasawa na mwizi.

Alianza na Helena. Alimwendea kisimani, akazungumza habari za wazee, za jinsi marehemu wanavyoachwa wapweke. Helena akamkata kauli. Alisema yeye ni mtu wa kanisa, marehemu wake wako mikononi mwa Mungu, na kama Rehema ametumwa na katibu kumchimba, akamwambie katibu aje mwenyewe. Akajitwika ndoo, akaondoka bila kuaga.

Kumwendea Bakari Rehema hakuthubutu. Kila alipopita alikuwa akitangaza njia mpya ya kumwadhibu mwenye unga.

Wiki ile Bi Somoe aliacha kula. Alikubali maji tu. Asubuhi ya Jumamosi alimwambia Rehema ateremshe kibuyu.

Rehema aliutwanga mtama ule uani, mchana kweupe, bila kufunga mlango. Majirani walisikia mchi. Wengine walisimama kwenye ua wakatazama, wakaenda zao upesi. Alipomaliza aliuweka unga kwenye sahani, akaifunika kawa, akaenda kwenye mkutano wa kikundi. Walikuwa wamemaliza kuezeka nyumba ya mjane mmoja na wameketi kuzunguka sinia. Danieli alikuwepo, na ufunguo shingoni.

Rehema aliweka sahani katikati ya sinia, juu ya yanga, akafunua.

Watu walirudi nyuma kana kwamba amefunua nyoka.

"Unga huo umetoka wapi?" Danieli aliuliza.

"Ni mbegu ya bibi yangu, Ndugu Katibu. Ule wa kwenye machela si wetu. Wetu ndio huu, nauweka mbele yenu nyote." Hakuishusha sauti. "Bibi anataka kwenda mahame kuwaaga wazee wake kabla hajafa. Leo, si kesho. Naomba machela na mabega manne. Ukitaka kunipeleka wilayani, nipeleke tukisharudi."

Mjane mwenye nyumba aliacha kupepea moto. Danieli alimtazama Rehema, kisha akaitazama sahani, na ilionekana wazi kwamba hakumwamini. Alisema taratibu kwamba mtu mwenye ghala porini angetafuta kisingizio kama hicho hicho, na bibi mgonjwa ni kisingizio kizuri sana.

Bakari alikohoa.

"Kama mnakwenda," alisema, akiangalia chini, "msipite kwenye mkorosho ule mkubwa ulioanguka. Siku hizi pana nyuki."

Danieli akageuka polepole. "Siku hizi, Ndugu Bakari?"

Bakari akajitia anamega tonge.

"Wameshahama," Helena alisema kutoka pembeni, bakuli lake mkononi. Alikuwa amekunja uso kama anayegombana na nafsi yake. "Jumapili hawakuwapo."

Mtu mmoja akapaliwa. Mwingine akasema kwamba hata hivyo njia ya kisima cha zamani ni bora, imefyekwa. Yule aliyekuwa karibu naye akamuuliza ameifyeka nani, naye akajibu kwamba na yeye alidhani imefyekwa na mwenzake. Danieli alikuwa akigeuza shingo kutoka uso hadi uso. Kila mmoja alikuwa amekwenda, na mtu wake mgongoni au kwenye machela, na kila mmoja alipouona unga ule miguuni mwa Bakari aliapa moyoni kwamba wake aliufuta vizuri, kwa hiyo huu ni wa mwizi.

"Basi mimi peke yangu ndiye nisiyejua," Danieli alisema. Akauvua uzi shingoni. "Machela itatoka. Lakini nakuja. Nikikuta gunia hata moja kule, hakuna atakayelala kwake leo."

Walimbeba Bi Somoe saa ile ile, jua likiwa kali. Bakari alishika mbele. Bibi, aliyekuwa hajasema neno refu kwa siku kadhaa, alimwambia Bakari kwamba amembeba vibaya kuliko lori la serikali, na kama angekuwa mumewe angemrudisha kwao. Watu walicheka, wakaanza kuimba, lakini kila mara walipomwona Danieli nyuma yao akipekua vichaka kwa fimbo, wimbo ulipungua.

Mahame yalikuwa nguzo nyeusi na majani. Danieli aliingia kila kiunga, akachungulia hata kwenye shimo la choo cha zamani. Hakukuwa na gunia. Chini ya msolo aliwakuta wengine wamesimama. Unga ulikuwa umemwagwa huko na huko kando ya mizizi, kila ukoo upande wake: marundo madogo mengi, mengine yamepigwa na mvua yakawa kama chokaa, mengine mapya bado. Walikuwa wakiyatazama kama watu waliokutana uchi mtoni.

Walimketisha Bi Somoe. Aliuchota unga kwa vidole vitatu, akaudondosha polepole mahali pamoja mpaka ukainuka kama kichuguu. Ukisimama, wazee wameridhika. Ukimomonyoka, wamekataa. Aliwataja mmoja mmoja. "Hatukuwakimbia," aliwaambia. "Tulibebwa. Mimi nimebebwa mara mbili sasa. Nikija, msiniulize nilikuwa wapi."

Upepo ulianza kuvuma kutoka upande wa mto. Kilele cha unga kikapoteza chembe chache. Bi Somoe aliona, mkono wake ukakwama hewani, na Rehema akahisi mwili wote wa bibi ukikauka. Hakuna mwenyeji aliyeweza kusogea. Kuukinga unga ni kuwadanganya wazee. Danieli, ambaye hakujua hilo, alipita mbele yao, akasimama upande wa upepo na mikono kiunoni, akiutazama mto.

"Naangalia tu kama kuna mtumbwi," alisema.

Alisimama hapo mpaka upepo ulipotulia. Unga ulikuwa umesimama. Rehema alimtazama bibi yake, kuona kama atasema kwamba haukubaliki, umekingwa na mgeni. Bi Somoe alifumba macho, akasema, "Nirudisheni. Nina njaa."

Alikula jioni hiyo, yanga na mboga ya majani ya mihogo, akakejeli mapishi. Alikufa siku chache baadaye, usingizini. Kikundi kilimbeba hadi makaburi mapya ya kijiji, kwa kuwa sheria ilikuwa sheria, na Danieli alishika nyuma ya machela.

Baada ya matanga Rehema alikwenda mahame peke yake kuwaambia wazee kwamba yule aliyewaaga ameshaondoka. Alifika chini ya msolo akasita. Pembeni kabisa, mbali na sehemu ya ukoo wowote, palikuwa na rundo jipya la unga. Lilikuwa la manjano.

Alilitazama kwa muda mrefu. Hapakuwa na mwenyeji wa Mahurunga ambaye angewapa wazee yanga, hata akifa kwa njaa. Na lilikuwa limemwagwa kwa kiganja kizima, na mtu ambaye hakufundishwa, kwa hiyo lilikuwa limemomonyoka upande mmoja. Mtu wa mbali, ambaye wazee wake wako mbali, na ambaye hakuwa na mtama.

Rehema aligeuka kutazama njia. Hapakuwa na mtu. Alichutama, akaukusanya unga wa manjano kwa vidole, akauinua tena kidogo kidogo, mpaka ukasimama.

Jumamosi, kwenye sinia, Danieli alimuuliza mbona anamtazama mikono.

"Hakuna kitu, Ndugu Katibu," Rehema alisema. "Kula."