Kalipa ya Mama Injini

Mkunga alipostaafu kuzalisha watoto wa watu, kila mtu alidhani atakaa kitako apumzike. Wapi! Alinunua mashine ndogo ya kukereza chuma, akaisimika kwenye chumba cha nyuma alichokuwa akihifadhia magodoro, akaanza kutengeneza injini ndogo za kuchezea, zile zinazozungushwa na hewa au mvuke. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alimbandika jina la Mama Injini, na jina likamganda.

Asubuhi hiyo wifi aliingia bila kubisha hodi, kama kawaida yake, akamkuta Mkunga ameinama juu ya meza, pua karibu iguse chuma. Mkononi alikuwa na kalipa yake ya zamani, kile kipimo chenye taya mbili za kubana kitu na mistari midogomidogo ya kusomea. Pembeni zilijipanga pistoni kadhaa za shaba, zinang'aa, nzuri kwa macho, na hakuna hata moja iliyofaa.

"Zote zimepwaya ndani ya silinda," Mkunga alisema. "Hewa inapita pembeni, gurudumu halizunguki."

"Si uliniambia umepima?"

"Nimepima, wifi. Nimepima mpaka shingo imeuma."

Daktari wa macho alikwishamweleza kwamba miwani haitasaidia zaidi ya pale, na kwamba kilichopotea hakirudi. Watu aliwaona vizuri tu, na mlango, na kikombe. Ila mistari ya kalipa ilikuwa imeanza kuungana, ikawa kitu kimoja cha kijivu. Hilo hakuwa amemwambia mtu.

Wifi alimtazama kidogo, akaokota mkoba wake. "Vaa viatu. Twende duka la vifaa."

Duka lilikuwa refu na jembamba, linanukia grisi na maboksi mapya. Mkunga alipoingia tu moyo ukaanza kumdunda kama wa msichana anayechagua gauni la harusi. Muuzaji, mwanamume mnene mwenye sauti ya upole, alitoa kalipa ya chuma cha pua kutoka kabatini.

"Hii ndiyo wanayopenda mafundi, mama. Haina betri, haina longolongo. Soma hapo utaona."

Mkunga aliishika. Akaisogeza mbali, akaileta karibu. Wifi alikohoa, akawa anatafuta la kusema ili amwokoe. Lakini Mkunga akaiweka mezani.

"Sioni mistari hii, baba," alisema. "Macho yangu yanakwisha. Nataka ninayoweza kuisoma mwenyewe."

Wifi aligeuka akamkodolea macho. Muuzaji naye hakuona haya wala huruma ya kupita kiasi. Alisema tu, "Aa, kumbe! Basi ngoja tuanze upya," akafungua kabati jingine, akaanza kupanga vitu juu ya kaunta haraka haraka, mpaka Mkunga akajikuta anacheka.

Kwanza ikaja kalipa yenye uso wa duara kama saa. Mshale aliuona, lakini vialama vilivyouzunguka vilikuwa vidogo kama mayai ya chawa. Akaitenga. Ikafuata ya betri, yenye tarakimu kwenye kioo. Mkunga alichukua kipande cha chuma cha kujaribia, kile ambacho ukubwa wake unajulikana, akakibana, akaachia, akakibana tena. Kila mara tarakimu zikabadilika.

"Hii ina kigeugeu," alisema. "Taya zinacheza. Na tarakimu zenyewe zimefifia."

"Mama unajua kuchagua!" Muuzaji alianza kufurahi naye. Akatoa nyingine kutoka kwenye boksi lake. Kioo kilikuwa kipana, tarakimu nene, nyeusi tii. Mkunga aliivuta taya, ikateleza laini bila kukwama. Alipima kile kipande, akafunga, ikarudi kwenye sifuri. Akapima tena. Jibu lilelile. Akaenda nayo mlangoni penye jua, akaigeuza huku na huku kuona kama mng'aro utameza tarakimu. Haukuzimeza.

"Hata mimi nasoma kutoka hapa," wifi alipaza sauti, "na miwani nimeisahau nyumbani!"

"Sasa maikromita," alisema Mkunga, macho yamemtoka.

"Ndiyo nini tena? Si umeshapata kipimo?"

"Hiyo kalipa ni ya kupimia nje, ndani na kina. Maikromita ni ya mambo membamba kabisa. Lete kichwa chako."

Kabla wifi hajakwepa, alikuwa ameshang'olewa unywele mmoja. Alipiga yowe, wateja wakageuka. Muuzaji alimpa Mkunga maikromita yenye tarakimu kubwa na kichwa kidogo cha kuzungusha. Aliuweka unywele katikati, akazungusha taratibu mpaka kile kichwa kikalia *krik, krik, krik*.

"Ukisikia hivyo acha," muuzaji alieleza. "Kimeshabana inavyotakiwa. Huhitaji kukisia nguvu."

Mkunga alitulia. Kwa miaka mingi vidole vyake vilipima njia ya mtoto mahali ambapo jicho halifiki. Kazi ya kuhisi na kusikiliza aliifahamu. "Nukta sifuri saba," alisoma kwa sauti, bila kukunja uso. "Wifi, unywele wako ni sehemu saba za mia za milimita!"

"Ng'oa na wa mvi tulinganishe," alisema wifi, akiinamisha kichwa mwenyewe.

Walirudi nyumbani na maboksi mawili, wakiongea kwa pamoja, hakuna anayemsikiliza mwenzake. Mkunga hakuvua hata viatu. Alipima silinda kwa kalipa mpya: milimita kumi na mbili kamili. Alipima zile pistoni, zikatoka kumi na moja nukta nane nane. Alikuwa amezikereza akidhani ni nukta tisa nane.

"Kwa hiyo mkono wako hauna kosa," alisema wifi.

"Mkono hauna kosa!" Mkunga alipiga meza.

Akafunga kipande kipya cha shaba kwenye mashine. Alikereza kidogo, akazima, akapima, akakereza tena. Wifi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akisoma tarakimu kwa sauti kama mtangazaji wa mpira, hata pale ambapo hakuombwa. Ilipofika walipopataka, Mkunga aliipaka pistoni mafuta, akaziba tundu la chini la silinda kwa kidole, akaiachia ishuke ndani. Haikudondoka. Ilishuka polepole, imebebwa na hewa iliyokosa pa kutokea.

"Imeshika," alinong'ona.

Waliirudisha kwenye injini, wakaunganisha pampu ya baiskeli. Wifi alikita miguu, akasukuma kwa nguvu zake zote. Injini ikakohoa, ikasita, kisha gurudumu likazunguka, tena, na tena, mpaka likawa duara moja linalovuma. Mkunga alipiga kigelegele mpaka jirani akachungulia dirishani.

"Usiache!" alimwambia wifi. "Sukuma, sukuma, inakuja!"

"Mama Injini, usinizalishe hapa!" wifi alijibu akihema, na akazidi kusukuma.