Kome wa Lundo Wanaoguna

Jumanne asubuhi Rosina alibandika sufuria ya kome jikoni kwake Lundo. Maji yalipopata moto, kome wakaanza kuguna kama nguruwe. Akapunguza kuni, nao wakaguna taratibu.

"Na wa kwako wameanza?" aliuliza jirani yake Ottilia kutoka uani. "Wangu tangu mvua ya Jumapili."

Rosina hakuwa na hamu ya maongezi. Mjukuu wake Violet alikuwa ametoka zahanati kwa kuhara, na nesi alisema mtoto hatahimili mara nyingine. Kuguna kule alikufahamu vizuri. Ilikuwa sauti ya nguruwe wa mkwe wake Alphonce, babu wa Violet kwa upande wa baba, kule Mkumbi milimani, unakotokea mto unaoingia ziwani hapo Lundo. Akatia kome hai waliokuwa hawajapikwa kwenye ndoo, akapanda bodaboda.

"Mama, ulisema umebeba kome," dereva alisema walipoanza mlima. "Nguruwe wana nauli yao." Rosina akalipa.

Kwa Alphonce, nguruwe waliwajibu kome kabla mgeni hajabisha hodi. Banda lilikuwa ukingoni mwa mto. Zamani hapo palikuwa na ngolo, yale mashimo ya Wamatengo yanayozuia maji ya mvua yasiporomoke na kila kitu. Alphonce aliyafukia apate pa kujenga, na mto umsaidie kusafisha.

"Hawa wangu," alisema, akiinamia ndoo. "Huyo mwenye kikohozi ndiye mama yao. Karibu sana, mkwe."

Sasa, mkwe hagombezwi nyumbani kwake. Rosina alikuwa amebeba maneno makali toka Lundo, na jamani, yalimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Akasema tu, "Violet anaumwa, mkwe. Ni maji. Yanatoka huku."

Alphonce alisikitika kweli, machozi yakamlenga. Akaagiza kuku achinjwe. Kisha aibu ikamshika: mkwe mzima ameketi, harufu ya banda inamwingia puani. Akawaita wanawe.

"Osheni banda, haraka! Mkwe hawezi kula kwenye uvundo."

Wakaosha kwa bidii, ndoo kwa ndoo, hadi sakafu ikang'aa. Maji yakateremka mtoni yakiwa meusi. Yangefika Lundo kabla ya Rosina.

"Umeona, mkwe?" Alphonce alisema. "Ni kwa heshima yako."

"Asante, mkwe," Rosina alisema. Akanawa mikono, akala.