Sabuni ya Kufungulia Mionzi

Zabron alikuwa na mdomo, jamani. Pale Tunduma, foleni ya malori inapolala kungoja mashine ya kupiga picha mizigo, yeye alipita dirisha kwa dirisha na chupa zake. "Mwapoleni mukwai," anawaamkia madereva wa Zambia, kisha anashusha sauti. Mashine ile ina mionzi. Mionzi inakausha damu na kumaliza nguvu za kiume. Kinga yake ni mafuta ya mbegu za maboga, unapaka kiunoni asubuhi na jioni. Mijibaba yenye vifua vipana ilinunua huku ikiangalia pembeni. Maboga yenyewe yalikuwa ya kunusia tu, yaliyobaki yote alizeti ya kukaangia maandazi.

Hakuna aliyemtuma ampelekee na mama yake. Lakini sifa nazo! Alibeba katoni nzima mpaka Mbozi, na mama yake, Tabita, mkulima wa kahawa, akajipaka kwa miaka. Kila sikukuu ya mavuno alipeleka chupa kwenye mnada wa kanisani, na watu walizigombania kuliko majogoo.

Kisha Tabita akaota uvimbe kwenye titi. Wakaukata, na daktari akasema sasa aende Dar akapigwe mionzi upesi, kabla ugonjwa haujatambaa. Zabron alipofika na tiketi za basi, alimkuta anachambua maharage.

"Siendi," mama alisema. "Mionzi itateleza tu juu yangu. Mwili wote huu una kinga yako, baba."

Hapo ndipo Zabron akakumbuka kusema kweli, mtu mzima na ndevu zake. "Mama, yale ni mafuta ya alizeti."

Mama alimtazama kwa huruma. "Usijidharau, mwanangu. Mungu amekupa kipaji."

Jumapili ya mavuno Zabron alisimama mnadani mbele ya wote, mama yake akiwa mstari wa kwanza. "Ndugu zangu, mafuta haya hayazuii hata jua." Mzee Fanueli, mnadishaji, akaangua kicheko. "Mmesikia? Hataki yatoke nje ya ukoo!" Bei ikapanda palepale. Chupa ya mwisho aliondoka nayo jirani yao, Recho.

Basi, ukweli ukamshinda. Alinunua mche wa sabuni ya kufulia, akaukata vipande, akavisugua kwa majani ya mkaratusi. Akamwambia mama kuwa ni sabuni maalumu, inaondoa kinga mwilini na kuifungulia mionzi njia. Mama hakuuliza swali hata moja. Alioga, akapanda basi, akamaliza matibabu yake yote. Zabron akaachana na chupa, akaanza kuuza malapa.

Mavuno yaliyofuata Tabita, amenawiri, alisimama kutoa ushuhuda. "Ile mashine sikuiona ikifanya kitu. Ilinguruma tu. Kilichoniponya ni sabuni ya mwanangu." Vigelegele vikapigwa. Zabron aliinamisha kichwa.

Jioni Recho alikuja, kanga ameifunga juu kabisa kifuani.

"Mdogo wangu, na mimi ninao," alisema. "Wananiambia niende Dar, lakini ya nini nisumbuke? Nipe kipande kimoja tu."

Zabron alimweleza yote, alizeti, mche wa kufulia, mkaratusi. Alipiga magoti. Alimwambia kuwa mama yake kaponywa na mionzi. Recho alisikiliza mpaka mwisho, machozi yakimlengalenga.

"Sawa," alisema. "Mama yako umempa. Mimi si damu yako, acha nife."

Akageuka kwenda zake. Zabron alimwacha afike uani, akaona atamzika mtu huyu.

"Dada Recho, ngoja. Kipo kimoja." "Ila hakifanyi kazi mpaka ukiogee Dar, asubuhi, kabla hujaingia kwenye mashine. Bila mashine ni bure."

Recho akafuta macho, akatabasamu.

"Ona sasa," alisema. "Kwa nini ulikuwa unanidanganya?"